Sora na Mabawabu wa Nchi ya Mikwaju

Hadithi hii haina hapo kale. Ni ya juzi tu, na mkiniuliza nchi yenyewe iko wapi nitawajibu kwa swali: nani kati yenu hajawahi kufungua kompyuta akakuta faili aliyoletewa kutoka Japani imepoteza jina lake, imekuwa visanduku vitupu na alama za kuuliza zilizopanga foleni? Basi siku hiyo ulichungulia dirisha la Nchi ya Mikwaju, ukalifunga bila kujua. Mwatime hakulifunga. Yeye aliingia.

Huyu Mwatime alikuwa Mdigo wa Tanga, kazi yake kuandika programu za kompyuta, mwanamke mwepesi wa ulimi na wa miguu, tena mwenye ugonjwa mmoja: akikasirika hucheka. Alifikaje huko? Msinichoshe, safari haina utamu, utamu uko mbele. Jueni tu kilichompeleka. Mdogo wake, Chirau, alikuwa ameoa huko mwanamke anayeitwa Sora, na mwezi wa Sora ulikuwa umetimia. Na kwao Mwatime mtoto wa kwanza hazaliwi bila shangazi kuwepo. Kwa hiyo alikwenda na leso mbili, chupa ya mafuta ya nazi na furaha isiyobebeka. Njia nzima alikuwa akijiita "shangazi, shangazi" kwa sauti ndogo, asikie linavyolia.

Kwanza niwape sheria za huko, maana bila hizo mtadhani nawatania.

Katika Nchi ya Mikwaju nyumba hazina namba. Kila nyumba hufikiwa kwa anwani moja ndefu: jina la mji, halafu jina la mtaa, halafu jina la nyumba, kama sisi tunavyoifikia faili kwa kupitia folda kubwa na folda ndogo. Kati ya jina na jina huwekwa mkwaju, ule mstari wa mshazari tuliofundishwa shuleni, ila wao wameulaza kinyumenyume. Maana yake ni moja tu: hapa jina limekwisha, fungua mlango. Tena huuchora kwa umbo la alama ya fedha yao, hivi kwamba mgeni akifika langoni hudhani anaombwa chai. Mwatime naye alishaanza kupapasa mkoba kabla hajaelezwa.

Pili, herufi zao huchongwa kwa mti, na kila herufi ni vipande viwili vinavyobanana. Kipande kimoja peke yake hakisemi kitu. Wazee wao walifanya hivyo kwa sababu herufi zao ni maelfu, na kipande kimoja hakitoshi kuzitofautisha zote. Lakini malango hayakujengwa na wazee hao. Yalijengwa na wageni ambao herufi zao zilikuwa chache, kila moja kipande kimoja, na wageni hao waliwaachia mabawabu amri fupi: pokea kipande, soma kipande, pitisha kipande, ukiona mkwaju, kata. Wageni walikwisha ondoka zamani. Amri ilibaki, na kila asubuhi mabawabu huisimamia wima na kuisoma kama watu wanaosoma dua.

Sasa sikilizeni kisa kinapoingilia. Kati ya herufi hizo maelfu kuna chache ambazo kipande chake cha pili kimechongwa sawasawa na mkwaju. Si kwa uchawi wala si kwa ubaya, ni kwamba wachongaji waliishiwa na maumbo. Moja ya hizo ni So, iandikwayo ソ. Ukiishika nzima, hata mtoto wa juzi ataisoma. Ukiipokea kipande kipande, cha kwanza hakisomeki na cha pili ni mkwaju, na bawabu anakata. Jina la Sora linapasuka katikati. Panakuwa na nyumba yenye jina lisilosomeka, na ndani yake nyumba nyingine iitwayo Ra. Nyumba hizo mbili hazipo, hazijapata kuwepo, na hazitakuwepo mpaka kiama.

Na kwa desturi yao, nyumba huitwa kwa jina la mume mpaka mimba ya kwanza itimie. Hapo kibao cha mume hushushwa, cha mke kikatundikwa. Kibao cha Sora kilitundikwa siku moja tu kabla Mwatime hajafika.

Mwatime alipofika lango la mji alimkuta Chirau amekaa juu ya kreti lililogeuzwa, magoti yamejaa vumbi, macho mekundu. Pembeni yake alisimama mwanamke mfupi wa makamo na kifurushi begani. Huyo alikuwa mkunga, Bi Chie. Chirau alikuwa ametoka alfajiri kumwita, uchungu ulipoanza, na tangu alfajiri hiyo hajaweza kurudi kwake.

"Dada," alisema, hata salamu hakukumbuka, "nyumba yangu haipo."

Mwatime alitazama. Juu ya kilima, nyuma ya kuta, paa la nyumba lilionekana waziwazi na kibao kipya kinang'aa juani. Alimwonyesha bawabu kwa kidole. Bawabu, kijana mpole mwenye kofia safi, alitazama pale pale kidole kilipoelekea, akaitikia kwa kichwa.

"Naiona," alisema. "Lakini haipo."

Mjue, kuta za huko hazirukiki. Ukiruka unatua pale pale ulipoanzia, na vumbi la magotini mwa Chirau lilikuwa ni la majaribio hayo. Ukitaka kupita utapita langoni, na langoni ni anwani.

Mwatime alicheka, na nyinyi mnajua maana yake. Halafu akakaa chini kwenye mchanga, akamwomba Chirau ampe vipande vya jina la mkewe, akavitazama. Na hapo damu ikamchemka kwa raha, maana alikuwa amekutana na balaa hili mara nyingi kazini kwake, likiwa limejificha ndani ya majina ya faili. Aliwauliza kama kuna sheria yoyote kuhusu mikwaju miwili ikifuatana. Bi Chie alisema ipo: mikwaju miwili ikija mfululizo huhesabiwa mmoja, na huo mmoja haukati. Mwatime hakungoja. Aliokota kijiti, akakichonga umbo la mkwaju kwa kisu cha mkunga, akakibana nyuma ya So. Kijana wa kofia akapokea kipande, akasoma, akapokea mkwaju, akainua shoka lake dogo la kukatia, kisha akaona mkwaju wa pili. Akalishusha shoka. Lango likafunguka.

Jamani, furaha ile! Chirau alimbeba dada yake akamzungusha hewani, mtu mzima na heshima zake. Wakapanda kilima mbiombio, Bi Chie mbele, kwa kuwa mkunga hana mzaha na saa. Mwatime alijiona bingwa. Lakini ujanja wa nyani huishia jangwani, na jangwa la Mwatime lilikuwa lango la pili.

Lango la mtaa lilishikwa na Bibi Mitsue, mkuu wa Idara ya Mageuzi, mwanamke mrefu mwenye miwani na haraka. Mabawabu wake walikuwa hawasomi vipande. Walisoma herufi nzima, kwa macho mawili, kama watu. Wakaisoma So vizuri kabisa, wakafurahi, halafu wakakutana na kile kijiti cha Mwatime kimesimama peke yake. Kwao huo ulikuwa mkwaju halali. Wakakata. Dakika hiyo hiyo wasafiri wetu walipelekwa kwa adabu zote kwenye kiwanja kitupu kinachoitwa So, hakina hata jiwe, wakaonyeshwa mahali ambapo chumba cha Ra kingekuwa.

Mwatime aliona aibu. Dawa yake ilikuwa imeponya lango moja ikaua lingine. Akakitoa kijiti, akakivunja, akaomba jina lisomwe upya lilivyo. Hapo ndipo Bibi Mitsue alipokataa. Kulisoma angeweza, alikiri hivyo bila kificho, lakini lango lake lilikwisha apa kutopitisha jina lolote la nusu mbili. Mageuzi ni mageuzi. Herufi za kisasa huchongwa kwa theluthi, vipande vitatu kila moja, na katika theluthi zote, za herufi zote, hakuna hata moja inayofanana na mkwaju. Alilitamka hilo kwa fahari. Na kusema kweli alikuwa na haki ya kujivuna.

Maana Mwatime alivichukua vile vipande vya theluthi, akavigeuzageuza, akavilinganisha na mkwaju kimoja kimoja. Ilikuwa kweli. Waliovichonga walifikiri. Walikuwa wamewakumbuka watu wa herufi nyingi na mabawabu wa shoka kwa pamoja, wasiumizane. Kwa mtu wa kazi yake huo ulikuwa uzuri wa kutosha kumtoa machozi, na machozi yalimtoka kweli, pale pale kiwanjani, mpaka Bi Chie akamkumbusha kwamba kuna mwanamke anazaa. Wachongaji wa idara wakaja, Sora akachongwa upya kwa theluthi, vipande sita vipya vyenye harufu ya mti mbichi. Chirau alivitia vile vya zamani mfukoni, akisema hawezi kulitupa jina la mkewe. Lango likafunguka. Bibi Mitsue mwenyewe akafunga miwani yake kwa kamba akakimbia nao, ashuhudie mageuzi yakishinda lango la mwisho.

Lango la mwisho lilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani kwa Sora. Dirisha lake lilikuwa wazi. Na sauti yake ilikuwa ikitoka humo, sauti ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu hasa, haina haja ya kuelezwa kwa aliyewahi kuisikia. Bi Chie alikunja mikono ya nguo yake. Akasema vilio vinakaribiana, akasema tena kwamba yuko peke yake mle ndani.

Bawabu wa lango hilo alikuwa Bwana Hanbei. Alikuwa mzee mwenye ndevu chache zilizochanwa vizuri, na cheo chake kilikuwa Mkisiaji Mkuu, cheo cha juu kuliko vyote katika malango. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande, kukata penye mkwaju, na kilichobaki kukikisia. Maneno aliyopenda kuyasema ni kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili, na watu wake walikuwa wameyatundika ukutani.

Alipokea vile vipande sita. Hakuna kilichoonekana kuwa mkwaju, kwa hiyo hakukata. Bibi Mitsue akamfinya Mwatime mkono kwa furaha. Lakini Bwana Hanbei alianza kukisia, na katika kukisia aliubananisha mti wa theluthi kwa mazoea yake ya nusu: cha kwanza na cha pili, cha tatu kikabaki pweke, cha nne na cha tano, cha sita kikabaki pweke. Likatoka jina ambalo hakuna mama aliyewahi kumwita nalo mtoto, jina la nyuzi, uzi umefungwa juu ya uzi, na vijisauti viwili vidogo vimening'inia pembeni. Mzee alilisoma mwanzo mpaka mwisho, taratibu, bila kucheka. Hata aliinama kidogo, kama unavyomwinamia mwenye nyumba usiyemjua. Kisha akatangaza kwa masikitiko kwamba nyumba hiyo haipo.

Ikaanza hoja. Weee, hoja! Bibi Mitsue alisema nusu ni ujima. Bwana Hanbei alisema theluthi ni fasheni, na fasheni hupita. Bibi Mitsue alitaka kujua ni nani mwenye akili atakayesoma theluthi kwa nusu. Bwana Hanbei akajibu kwamba naye hajaona popote kwenye vipande hivyo palipoandikwa kuwa ni theluthi. Makarani wakatoka kusikiliza. Mmoja akaleta viti. Mtu akauliza kama mtoto atakayezaliwa katika nyumba isiyokuwepo atakuwa amezaliwa, na swali hilo likapendwa sana, likagawanywa katika mafungu. Sora akapiga ukelele mrefu. Karani akaandika kwamba upepo umevuma, kwa kuwa sauti isiyo na anwani kisheria ni upepo.

Chirau alipiga magoti mbele ya lango. Mwatime alipomwona mdogo wake hivyo kicheko chote kilimwisha. Aliogopa. Aliona kwamba Sora anaweza kufa pale, mbele ya macho yao wote, umbali wa kurusha jiwe, kwa sababu watu wawili waungwana hawakubaliani namna ya kushika vipande vya mti.

"Kwetu tunasema kuuliza si ujinga," alisema. "Kwa nini hamliulizi jina limechongwa vipi, halafu ndiyo mlisome?"

Makarani walitazama chini. Bibi Mitsue aliona haya, na Bwana Hanbei akaona haya kwa niaba yake. Ikabidi Bi Chie amvute Mwatime kando amweleze kwa kunong'ona kwamba ametukana. Katika nchi yao bawabu haulizi. Bawabu anajua. Kumwuliza mtu jina lake limechongwa vipi ni kukiri mbele za watu kwamba hujui kazi yako, na tena ni kumvunjia heshima mwenye jina, kama kwamba hajulikani. Wa nusu hawaulizi, wa theluthi nao hawaulizi. Katika jambo hilo moja pande zote mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mara dirisha la nyumba likajaa. Sora mwenyewe alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika fremu, nywele zimelowa jasho. Alikuwa amesikia kila kitu, maana nyumba isiyokuwepo nayo ina masikio.

"Bwana Hanbei," aliita. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ukelele, lakini ilifika. "Mimi nimechongwa kwa nusu. Vipande viwili, kisha viwili. Usikate kati yangu."

Bibi Mitsue alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa haraka kwamba sauti hiyo haina anwani. Naam, yeye, mwanamageuzi. Bwana Hanbei alikuwa akimtazama Sora. Sheria ilimkataza kuuliza. Hakuna mahali ilipomkataza kuambiwa, na katika miaka yote ya kazi yake hakuna jina lililowahi kumwambia. Akanyoosha mkono kwa Chirau. Chirau akatoa mfukoni vile vipande vya zamani.

Mzee alichukua cha kwanza kwa mkono wa kulia. Akachukua cha pili, ule mkwaju, kwa mkono wa kushoto, na wote tuliokuja kuhadithiwa kisa hiki tumeambiwa kwamba alikuwa akiogopa. Tangu ujana wake alikuwa hajawahi kushika mkwaju bila kukata. Shoka lilikuwa pajani. Akavisogeza, vikabanana kwa mlio mdogo, na akavitazama kwa muda, huku midomo yake inatafuta.

"So," alisema. Kisha, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Kumbe ni So."

Hakulifungua lango yeye, alisahau. Bi Chie ndiye aliyelisukuma kwa bega akapita, Chirau nyuma yake, Mwatime nyuma ya Chirau, leso zinapepea, na walivyokimbia kile kipande kidogo cha njia ni kama watu waliofunguliwa kutoka kifungoni. Mlango wa nyumba ulikuwa na komeo. Sora alikuwa amejiburura kutoka dirishani akaufungua, akawaangukia mikononi. "Wifi," alimwambia Mwatime, wakati ndiyo kwanza wanaonana maishani, "mmechelewa kama watu wa harusini." Mwatime akacheka, na safari hii haikuwa hasira.

Mengine ni ya wanawake na siyasemi. Nasema tu kwamba mtoto alitoka na sauti, msichana, mzima, mzito, na Bi Chie alimweka kifuani mwa mama yake huku jasho linamtoka yeye kuliko mzazi. Mwatime alimfunga leso. Alimwita "mwanangu", akajiita "shangazi" kwa sauti kubwa mara hii, akalia, akacheka, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, hata karani mmoja aliyekuwa amefuata ili kuandika kama upepo umekoma.

Ikafika saa ya jina. Bwana Hanbei alikuwa amekuja mpaka kizingitini na visu vyake vya kuchongea, maana kazi hiyo nayo ni ya bawabu wa lango la mwisho. Bibi Mitsue alisimama nyuma yake, akatoa shauri kwa upole, kwamba mtoto apewe jina lisilo na herufi zile chache, ili asisumbuke. Na msimlaumu, shauri lilikuwa la huruma. Chirau aliliunga mkono papo hapo. Alikuwa ameonja lango, na hakutaka mwanawe alionje. Alitaja majina mepesi, mafupi, yanayopita popote. Hata Mwatime, nawaambieni kweli, alinyamaza, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwashauri watu kazini kwake: epukeni herufi hizo katika majina ya faili, mtapata usingizi.

Sora alimtazama mtoto, halafu akamtazama mumewe, bila hasira.

"Mwanangu hapunguzwi ili mlango upate raha," alisema. "Anaitwa Sonoe. Mchonge kwa nusu au kwa theluthi, ni shauri lenu, lakini mbele ya jina andikeni ni ipi. Aingie pote akiwa amekwisha sema."

Bwana Hanbei na Bibi Mitsue walitazamana, kisha Bibi Mitsue akainama kushika ubao ili mzee achonge. Walimchonga kwa theluthi, nami naona walifanya vizuri. Alama ya kusema hivyo waliitanguliza mbele ya yote, kubwa, hata asiye na miwani aione.

Huku nyuma langoni watu walikuwa wamejaa. Kulikuwa na muuza samli, kulikuwa na bwana harusi na ngoma zake, wote wanagonga, wanamwita Mkisiaji Mkuu aje awakisie. Mzee aliwasikia. Alikuwa ameviweka vipande vitatu vya So ya mtoto pamoja, gundi bado mbichi, naye amevizungushia vidole vyote kumi. Karani alimwambia waziwazi kwamba watu wanalalamika. Bwana Hanbei akamjibu wangoje, na akaendelea kuvishika mpaka gundi ikauke.